Ini ndilo lililomalizia kazi: kisa cha Bruce Roth na atorvastatin

Mwenye cheti cha simvastatin huambiwa kwenye dirisha la dawa ameze kidonge usiku. Mwenye cheti cha atorvastatin huambiwa ameze saa yoyote anayopenda, mradi iwe ileile kila siku. Dawa hizi mbili ni ndugu, wa ukoo wa statini, dawa za kushusha kolesteroli. Zinazuia kimeng'enya kimoja, kwenye ini lilelile, kwa ugonjwa uleule, na bado maelekezo yanatofautiana. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini humo ndimo imo sababu kubwa ya ndugu wa tano kuzaliwa kuwapita wanne waliomtangulia na kukaa miaka kadhaa akiwa dawa iliyoingiza pesa nyingi kuliko nyingine yoyote duniani.

Kisa cha atorvastatin kwa kawaida husimuliwa kama habari ya matangazo na mabilioni ya dola. Hiyo ipo, na tutaipitia. Lakini ukikifuata kisa hiki kwa upande wa mkemia aliyeiunda molekuli yenyewe, unakutana na mhusika ambaye wasimulizi wengi humruka: ini la mgonjwa. Mkemia alifanya uamuzi mzuri mara tatu au nne mfululizo. Kisha ini likafanya jambo ambalo yeye hakulipanga, na hilo ndilo lililoipa dawa nguvu yake ya ziada.

Hali ilivyokuwa

Mwili hautegemei nyama na siagi peke yake kupata kolesteroli. Sehemu kubwa hutengenezwa ndani, hasa kwenye ini, kwa mlolongo mrefu wa hatua. Kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA ridaktesi kinashikilia hatua inayoamua mwendo wa kazi yote. Mjapani Akira Endo, akiwa na kampuni ya Sankyo, alichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu akitafuta kitu cha kukizuia, na mwaka 1973 akakipata kwenye ukungu wa Penicillium citrinum. Kilipewa jina la kompaktini. Hakikufika madukani, ila kilifungua njia. Kampuni ya Merck nao walipata ndugu yake kutoka kwenye kuvu nyingine, wakamwita lovastatin, na Marekani ikamruhusu mwaka 1987.

Wakati huohuo watafiti Michael Brown na Joseph Goldstein kule Dallas walikuwa wameonyesha ni kwa nini kuzuia kimeng'enya kimoja kunasafisha damu. Ini likiona kolesteroli yake ya ndani imepungua, hujiongezea vipokezi vya LDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, juu ya seli zake na kuanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Maana yake ni kwamba hata kwa dawa ya kwanza kabisa ya kundi hili, kidonge hakiondoi kolesteroli kwenye damu. Kinaliudhi ini, na ini ndilo linaloiondoa.

Bruce Roth aliingia katika habari hii akiwa kijana. Alipata shahada ya uzamivu ya kemia Chuo Kikuu cha Iowa State mwaka 1981, akakaa kidogo Chuo Kikuu cha Rochester, na mwaka 1982 akaajiriwa na Parke-Davis mjini Ann Arbor, Michigan. Parke-Davis ilikuwa mkono wa dawa wa Warner-Lambert, kampuni ambayo wengi waliifahamu kwa Listerine ya kusukutulia kinywa na bazoka za kutafuna kuliko kwa sayansi. Hata hivyo haikuwa ngeni kwenye mafuta ya damu. Ilikuwa na gemfibrozil, na ilikuwa na mwanabiolojia Roger Newton, aliyesimamia majaribio ya kolesteroli kwa wanyama. Roth akiunda, Newton anapima. Kazi ya kuvumbua dawa ina wenza wa namna hii, na mara nyingi jina linalobaki kwenye vitabu ni la mmoja tu.

Nafasi mbili kwenye pete

Ukiangalia umbo la statini za kuvu utaona sehemu mbili. Juu kuna kichwa chenye asidi na makundi mawili ya hidroksili (oksijeni yenye haidrojeni), kinachofanana na kile ambacho kimeng'enya huzoea kukishika. Chini kuna mwili wenye mafuta, pete mbili zilizoshikana, zenye kona nyingi ambazo kuvu huziunda bila jasho lakini mkemia huzikunia kichwa kwa miezi. Roth hakuwa peke yake kuwaza kwamba kichwa kibaki na mwili ubadilishwe; maabara kadhaa zilikuwa zikikimbilia hukohuko. Yeye alichagua piroli, pete bapa ya atomu tano, nne za kaboni na moja ya naitrojeni. Ni rahisi kuijenga, na kila kona yake unaweza kuitundika kitu.

Kwenye naitrojeni alitundika mnyororo mfupi unaobeba kile kichwa. Kwenye kona mbili za jirani akaweka vitu viwili tofauti: upande mmoja fenili, pete ya kaboni sita, yenye atomu ya florini, upande wa pili kundi dogo la isopropili. Kikundi chake kilijaribu mchanganyiko mwingi wa kona hizo mbili, na huo ndio uliofanya vizuri zaidi. Nguvu yake, hata hivyo, ilikuwa karibu theluthi tu ya ile ya kompaktini. Kwa dawa inayotaka kwenda sokoni ikiwa imechelewa, hiyo haitoshi.

Zilibaki kona mbili tupu. Walipozijaza bromini mbili, nguvu ikapanda hadi kwenye daraja la statini za kuvu. Kwa muda ilionekana mshindi amepatikana. Kisha ikapelekwa kwenye majaribio ya sumu kwa wanyama, na wanyama wakadhurika.

Hapa ndipo napenda kusimama. Miradi mingi ya dawa hufia mahali kama hapa, na si kwa sababu ya sayansi. Mshindi amekufa, muda umekwenda, Merck yuko mbele, na ndani ya kampuni kuna miradi mingine inayoitaka bajeti hiyohiyo. Roth alikuwa na sababu nzuri za kuhamia kwenye pete nyingine. Badala yake aliuliza swali finyu zaidi: je, tatizo ni piroli, au ni bromini? Kama ni bromini, basi kona zile mbili bado zinahitaji kujazwa, ila zijazwe na kitu kingine kikubwa.

Mwaka 1985 alizijaza kwa fenili upande mmoja, na upande wa pili kwa amidi, kiungo chenye naitrojeni, inayobeba fenili nyingine. Njia aliyotumia maabara inapendeza hata kuisimulia. Kuna mmenyuko ambao molekuli moja inaleta atomu tatu, ya pili inaleta mbili, zinakutana na kufunga pete ya watano kwa mara moja, na kaboni dayoksaidi inatoka kama mvuke. Ukichagua vizuri hizo molekuli mbili, kona zote zinajipanga mahali pake pete inapofungwa, badala ya kuzitundika moja baada ya nyingine. Kilichotoka kilikuwa na nguvu kuliko kile cha bromini, na wanyama walikivumilia. Ndani ya kampuni kikapewa namba CI-981. Dunia baadaye ilikiita atorvastatin.

Ieleweke kwamba mwaka 1985 hakuna aliyekuwa amewahi kuliona umbo la kimeng'enya chenyewe kikiwa kimeshika dawa. Kazi yote ilifanywa kwa kulinganisha: badilisha kona, pima, badilisha tena. Picha ilikuja mwaka 2001, pale Eva Istvan na Johann Deisenhofer walipotumia miali ya eksirei kuonyesha statini sita zikiwa zimekaa ndani ya kimeng'enya. Ile amidi iliyochukua nafasi ya bromini ilionekana imejifunga kwa kifungo cha haidrojeni kwenye asidi ya amino ya serini, kifungo ambacho statini za kuvu hazina. Bromini isingeweza kufanya hivyo. Sumu iliyomkwamisha Roth ndiyo iliyomsukuma kwenye mshiko bora kuliko ule aliokuwa akiutafuta.

Mkono wa kulia

Kile kichwa cha statini kina kona ambazo zinaweza kuelekea upande mmoja au mwingine, na ukikiunda kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu: molekuli na taswira yake ya kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kimeng'enya kinaukubali mkono mmoja tu. Mwingine unapita mwilini bila kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hakukuwa na sheria iliyolazimisha kampuni kuutupa mkono wa pili. Fluvastatin, mshindani wa Sandoz, iliuzwa na bado inauzwa ikiwa mchanganyiko wa mikono yote miwili. Kwa kampuni iliyochelewa, kwenda na mchanganyiko kungeokoa muda mwingi. Roth na wenzake walichagua njia ndefu, yaani kuutenga mkono unaofanya kazi na kuupeleka huo peke yake, ukiwa chumvi ya kalsiamu.

Maabara inaweza kutenganisha gramu chache. Kiwanda kinahitaji tani, na huko huwezi kutengeneza kilo mbili ili utupe moja. Wakemia wa uzalishaji, wakiongozwa na Donald Butler, walibuni njia nyingine kabisa. Kichwa kinaundwa kwanza kikiwa tayari kimeelekea upande sahihi, mwili unaundwa kando, halafu vinaunganishwa mwishoni kwa kuifunga pete ya piroli, wakisaidiwa na asidi ya pivaliki. Mojawapo ya hatua za kichwa ilitaka baridi ya nyuzi zaidi ya 80 chini ya sifuri. Kwenye chupa ya maabara hilo ni jambo la kawaida; kwenye matangi ya kiwanda ni uwekezaji wa mamilioni. Parke-Davis iliyajenga matangi hayo mjini Holland, Michigan, kabla ya kujua kama dawa itauzwa.

Uamuzi huu pia ulikuwa na tunda la kisheria. Hataza ya kwanza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya 1987, ilihusu kundi la molekuli hizi. Ya pili, ya 1993, ilihusu mkono mmoja na chumvi yake, na ikaurefusha ulinzi. Katika hati hiyo mkono uliotengwa ulidaiwa kuwa na nguvu takriban mara kumi, ilhali mtu angetegemea mara mbili tu baada ya kuondoa nusu isiyofanya kazi. Dai hilo lilipingwa vikali mahakamani katika nchi zaidi ya moja. Kemia ya kutenga mkono ni halali na ya busara. Hesabu ya mara kumi mimi binafsi siwezi kuitetea.

Panya hawakusema kitu

Sasa tufike kwenye kitendawili cha kisa. CI-981 ilipopimwa kwa wanyama ilionekana nzuri, sawa na lovastatin au bora kidogo. Hakuna aliyeona dawa ya karne. Na wanyama wenyewe ni mashahidi wabaya kwa statini. Panya akipewa statini, ini lake hutengeneza kimeng'enya kingi zaidi kufidia, na kolesteroli ya damu haishuki. Endo alikutana na ukuta huo huo miaka ya 1970, na kompaktini ikaokolewa ilipojaribiwa kwa kuku na mbwa.

Kwa hiyo menejimenti ilikuwa na haki ya kuuliza. Lovastatin ipo. Pravastatin na simvastatin ziliruhusiwa Marekani mwaka 1991. Fluvastatin iko njiani, na itaruhusiwa 1993. Dawa ya tano, isiyoonekana kuwa tofauti, ya nini? Wasimulizi hupenda kuwageuza wakubwa hao kuwa wapumbavu. Sioni hivyo. Kwa takwimu walizokuwa nazo mezani, mimi pia ningesita. Roth na Newton walichoomba ni kitu kimoja: ipelekwe kwa watu kabla ya kuuawa. Wakakubaliwa.

Wafanyakazi 24 wa kampuni walijitolea kuimeza. Matokeo yalipokuja, kipimo cha miligramu 10, ambacho ndicho kidogo kabisa kinachouzwa leo, kilikuwa kimeshusha LDL kwa asilimia 38. Majaribio makubwa yaliyofuata yalithibitisha: karibu asilimia 39 kwa miligramu 10, hadi karibu 60 kwa miligramu 80. Simvastatin ilihitaji miligramu 40 kufika asilimia 41.

Kwa nini watu walionyesha kile ambacho wanyama hawakukionyesha? Fuata kidonge. Atorvastatin inanywewa, inafyonzwa utumboni, na kituo chake cha kwanza ni ini, ambalo linaikamata kwa wingi. Ni kama asilimia 14 tu inayopenya hadi kwenye damu ya mwili mzima. Kwa dawa nyingi hilo ni janga. Kwa dawa ambayo kazi yake iko kwenye ini lenyewe, ni baraka.

Ndani ya ini kuna kimeng'enya kingine, CYP3A4, ambacho ajira yake ni kuzibadilisha dawa ili mwili uweze kuzitoa. Kinaidaka atorvastatin na kuibandika hidroksili. Kawaida hapo dawa hufa. Atorvastatin haifi. Molekuli zilizobandikwa hidroksili bado zinakizuia kile kimeng'enya cha kolesteroli sawasawa na mama yao, na takriban asilimia 70 ya nguvu yote ya kuzuia inayopimwa kwenye damu inatoka kwao. Dawa yenyewe ina nusu-uhai, yaani muda wa nusu yake kuisha, wa saa 14 hivi. Nguvu ya kuzuia ina nusu-uhai wa saa 20 hadi 30. Simvastatin huisha mapema, kwa hiyo inapelekwa usiku, wakati ini linapotengeneza kolesteroli kwa wingi. Atorvastatin inakesha mchana na usiku. Ndiyo maana dirishani wanakwambia saa yoyote.

Na hiyo hidroksili inabandikwa wapi? Kwenye fenili iliyobebwa na amidi. Yaani kwenye kundi lilelile ambalo Roth aliliingiza baada ya bromini kudhuru wanyama. Hakulichagua ili ini lilichezee. Alilichagua ili kona ijae. Kama kona ile ingejazwa na kitu ambacho CYP3A4 inakivunja na kukiua, tungekuwa na statini ya tano ya kawaida, na pengine leo tusingeijua.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja rosuvastatin, iliyokuja 2003. Hiyo ina nguvu zaidi kwa kila miligramu, inakaa mwilini muda mrefu, na CYP3A4 karibu haiigusi. Ni kweli, na inaonyesha kwamba msaada wa ini si njia pekee ya kufika huko. Ila ilifika sokoni njia ikiwa tayari imefunguliwa. Atorvastatin ndiyo iliyoonyesha kwamba kushusha LDL kwa zaidi ya nusu kunawezekana kwa kidonge kimoja.

Sokoni

Sehemu hii inajulikana, nitaipita haraka. Dawa ilionyesha matokeo hata kwa baadhi ya wagonjwa waliorithi kolesteroli ya juu kupindukia kutoka kwa wazazi wote wawili, watu ambao statini za awali ziliwasaidia kidogo sana, na hilo likasaidia mamlaka ya Marekani kuiharakisha. Iliruhusiwa tarehe 17 Desemba 1996. Warner-Lambert ikaungana na Pfizer kuiuza kwa jina la Lipitor. Mwaka 1998 jaribio la CURVES, lenye wagonjwa 534, likaishindanisha na statini nyingine nne kwa wiki nane, ikazishinda kwenye LDL. Mwaka 2000 Pfizer iliimeza Warner-Lambert nzima kwa mali ya takriban dola bilioni 90, na kila mtu alijua inanunua nini. Kwenye kilele chake dawa hii iliingiza zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka mmoja.

Ila angalia tarehe. CURVES ilipima LDL, haikupima vifo wala mshtuko wa moyo. Statini iliyokuwa imethibitisha kwamba inaokoa maisha ni simvastatin, kwenye jaribio la 4S la mwaka 1994 lenye wagonjwa 4,444. Atorvastatin iliuzwa kwa miaka mingi kwa sifa ya namba ya maabara kabla ushahidi wake mwenyewe mkubwa haujafika. Ulifika 2003: ASCOT, wagonjwa 10,305 wenye shinikizo la damu, miligramu 10, likasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Mshtuko wa moyo usioua pamoja na vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo vilikuwa 100 kwa waliomeza dawa na 154 kwa waliomeza kidonge kisicho na kitu. Matangazo yaliandika "asilimia 36" kwa herufi kubwa. Kwa lugha ya dirishani, ni kwamba kati ya watu 100 wa aina hiyo, watatu hivi wangepatwa bila dawa, na wawili wakipatwa wakiwa na dawa, kwa kipindi cha miaka mitatu na kidogo. Namba zote mbili ni za kweli. Mgonjwa anastahili kuambiwa zote mbili.

Kimeng'enya kilekile, upande wa pili

CYP3A4 inayoipa atorvastatin maisha marefu ndiyo pia udhaifu wake. Chochote kinachoifunga CYP3A4 kinaacha dawa irundikane, na statini ikirundikana misuli huuma, na kwa wachache huanza kuyeyuka na kuziba figo. Klarithromaisini inafanya hivyo, itrakonazoli pia, na juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi. Kwetu Afrika Mashariki kuna mmoja wa muhimu kuliko hao: ritonavir, iliyomo kwenye mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wa mstari wa pili. Anayemeza lopinavir au atazanavir pamoja na ritonavir, kisha akaandikiwa atorvastatin kwa kipimo kikubwa na daktari ambaye hakuuliza, yuko hatarini. Simvastatin kwake ni mwiko kabisa. Mtu wa dolutegravir, dawa nyingine ya VVU isiyoifunga CYP3A4, hana tatizo hilo. Ndiyo maana mfamasia mzuri huuliza dawa zote unazotumia, hata zile ambazo mtu hapendi kuzitaja mbele ya foleni.

Hilo si jambo la pembeni. Jaribio kubwa la REPRIEVE, lililowachukua watu 7,769 wanaoishi na VVU, wakiwemo wa Uganda, lilitumia pitavastatin, statini isiyotegemea CYP3A4. Matokeo ya 2023 yalionyesha matukio makubwa ya moyo na mishipa yamepungua kwa asilimia 35.

Kwa Roth mwenyewe kimeng'enya hiki kilirudi kwa njia nyingine. Baada ya atorvastatin alipanda hadi kuongoza kemia Ann Arbor, na kundi lake liliwinda dawa ya aina tofauti, ya kuzuia ACAT, kimeng'enya kinachoifungasha kolesteroli ndani ya seli. Kwenye karatasi wazo lilikuwa safi: mishipa isijaze mafuta hata kama damu inayo. Molekuli yao, avasimibe, ilifika mbali. Kwa watu ikabainika kwamba inaiamsha CYP3A4 kwa nguvu, ikizivuruga dawa nyingine ambazo mgonjwa wa moyo hazikosi. Jaribio la A-PLUS lililochapishwa 2004 likaonyesha utando wa mishipa haukupungua, na LDL ilipanda kidogo. Ikaishia hapo. Kampuni nyingine zilizofuata njia ya ACAT nazo ziligonga ukuta.

Ukimlinganisha Roth wa 1985 na wa avasimibe, ustadi ni uleule, maabara ni ileile, nidhamu ya kubadilisha kona moja moja ni ileile. Kilichobadilika ni jibu la ini. Mara moja lilimpa zawadi, mara ya pili likamnyang'anya. Nasema hivi kwa sababu wasifu wa wavumbuzi wa dawa huandikwa kana kwamba aliyefanikiwa mara moja alikuwa na jicho la ajabu, na aliyeshindwa alilipoteza.

Pfizer nayo ilijaribu kumrithisha Lipitor mtoto. Torcetrapib, iliyoundwa kwenye maabara zake nyingine, ilipandisha HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, kwa zaidi ya asilimia 70 na kushusha LDL, ikapimwa pamoja na atorvastatin kwa watu zaidi ya 15,000. Tarehe 2 Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa: vifo 82 upande wa dawa, 51 upande wa atorvastatin peke yake. Mwezi uliofuata Pfizer ilitangaza kuifunga Ann Arbor. Ajira takriban 2,100 zikaondoka, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Michigan kikanunua majengo kwa dola milioni 108. Mkemia aliyeiingizia kampuni mabilioni alihamia Genentech, California, na mwaka 2013 akapewa nishani ya Perkin, tuzo ya wakemia. Novemba 30, 2011 atorvastatin ya jeneriki, isiyo na jina la Lipitor, iliingia sokoni Marekani, na leo vidonge vya viwanda vya India viko kwenye rafu za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Lipitor ya wakati ule.

Mwenza wake Newton alikwisha ondoka mapema, 1998, kuanzisha kampuni ya Esperion. Pfizer iliinunua, ikaiacha, naye akaianzisha upya 2008. Dawa iliyotoka huko, asidi ya bempedoiki, iliruhusiwa Marekani Februari 2020. Inaukata mlolongo uleule wa kolesteroli hatua chache kabla ya pale statini zinapoukata. Ikimezwa haifanyi kazi mpaka iwashwe na kimeng'enya kilichopo kwenye ini na kisichopo kwenye misuli, na jaribio la 2023 la watu 13,970 ambao hawakuweza kuzivumilia statini lilionyesha matukio makubwa ya moyo yamepungua kwa asilimia 13.